UZI: Ndugu yako akikamatwa Marekani, ulizia kwanza yuko jela ya kaunti au gerezani

#1 Mkalimani wa Ohio (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kazi yangu ni ukalimani wa Kiswahili mahakamani, huku Ohio. Haupiti mwezi sijapigiwa simu na mtu wa Dar, Mombasa au Bujumbura akiniambia, "Kijana wetu amefungwa Marekani." Nikiuliza kahukumiwa miaka mingapi, najibiwa hajahukumiwa, kakamatwa Ijumaa. Basi huyo hajafungwa. Yuko jela ya kaunti (kaunti ni kama wilaya), na anachohitaji wiki hii ni tofauti kabisa na anachohitaji mtu aliyeko gerezani. Familia nyingi zinapoteza siku zile chache za mwanzo, ambazo ndizo nzito kuliko zote, zikichangisha hela za wakili wa rufaa wakati kesi yenyewe haijaanza.

Tuanze na swali la nani mwenye jengo. Kwetu Tanzania Bara, Jeshi la Magereza ni moja nchi nzima. Mahabusu wa Segerea na mfungwa wa Ukonga wote wako chini ya kamishna jenerali mmoja. Marekani haiko hivyo. Kuna kaunti zaidi ya 3,000, na karibu kila kaunti ina jela yake. Mwenye jela ni sherifu, na sehemu nyingi sherifu huyo amepigiwa kura na wakazi wa hapo hapo. Fedha zinatoka kwenye bajeti ya kaunti. Ndiyo maana ukivuka barabara tu ukaingia kaunti ya jirani, utaratibu wa kutembelea ni mwingine, daktari ni mwingine, bei ya simu ni nyingine.

Gereza ni la jimbo au la shirikisho. La jimbo linaendeshwa na idara iliyoko makao makuu ya jimbo, na linapokea waliokwisha kuhukumiwa kwa makosa makubwa. La shirikisho liko chini ya idara ya magereza ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1930, kwa waliovunja sheria za shirikisho. Mpaka unaotajwa sana ni mwaka mmoja: kifungo kisichozidi mwaka unakimalizia jela ya kaunti, kikizidi unapelekwa gerezani. Lakini usiushike kama msahafu. Massachusetts wanamweka mtu kwenye nyumba ya marekebisho ya kaunti hadi miaka miwili na nusu. Majimbo sita (Alaska, Connecticut, Delaware, Hawaii, Rhode Island na Vermont) yameunganisha vyote viwili chini ya jimbo. Louisiana nayo inawaweka wafungwa wake wengi wa jimbo kwenye jela za masherifu na kuwalipa kwa kichwa kwa siku. California, mwaka ule ule wa 2011 ambao Mahakama Kuu ya Marekani ilisema magereza yake yamefurika kupita kiasi, ilibadili sheria ili wengi wa makosa yasiyo ya kutumia nguvu watumikie vifungo vyao kwenye kaunti. Kwa hiyo kuna watu wanaohesabu miaka ndani ya majengo yaliyojengwa kwa ajili ya wiki kadhaa.

Sasa hesabu. Siku yoyote ile magereza ya majimbo na shirikisho yana watu takriban milioni 1.2, na jela za kaunti zina kama 660,000. Ukiishia hapo utadhani gereza ndilo kubwa. Lakini kwa mwaka mzima watu huingizwa kwenye jela hizi zaidi ya mara milioni 7, na wastani wa kukaa ni kama mwezi mmoja. Ni mlango unaofunguka na kufungwa usiku na mchana. Na katika kila kumi waliomo, kama saba hawajahukumiwa kwa kosa lolote.

Hao saba ndio wanaonifanya niandike. Jamaa nyumbani wanaogopa gereza, lile wanaloliona kwenye sinema. Mimi naogopa zaidi ile jela ya kaunti, kwa sababu humo ndimo hatima ya mtu inapoamuliwa, na inaamuliwa haraka, akiwa hajalala, hana simu, na hajui Kiingereza cha mahakamani.

Dhamana. Kwetu dhamana ni mtu. Mdhamini anakuja na barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho, anasaini, anabeba jukumu. Huku mara nyingi dhamana ni pesa. Hakimu akitaja dola 5,000, unaweza kuzilipa zote mahakamani na urudishiwe mshtakiwa akihudhuria hadi mwisho. Usipokuwa nazo unaenda kwenye kampuni ya udhamini, unailipa kama asilimia 10, na hiyo dola 500 hairudi, hata kesi ikifutwa kesho yake. Julai 2015, Sandra Bland alisimamishwa na polisi huko Texas kwa kubadili njia bila kuwasha taa ya ishara, yakatokea mabishano, akapelekwa jela ya kaunti ya Waller. Dhamana ilikuwa dola 5,000, yaani alihitaji kama dola 500. Siku tatu baadaye alikutwa amefariki kwenye selo yake. Hakuwa amehukumiwa. Takwimu za serikali yenyewe zinaonyesha kwamba jela za kaunti zinaua kwa njia tofauti na magereza: gerezani watu wengi hufa kwa maradhi, kwenye jela za kaunti kinachoongoza kwa miaka mingi ni kujiua. Familia, mpigieni simu mtu wenu mapema. Asikie sauti yenu.

Siyo kila jimbo liko hivyo. Kentucky ilipiga marufuku kampuni za udhamini mwaka 1976. Illinois, tangu tarehe 18 Septemba 2023, imefuta kabisa dhamana ya pesa. Jaji anaamua kumwachia mtu au kumshikilia, hela haiingii kwenye hesabu.

Haki. Mwaka 1979, katika kesi ya Bell dhidi ya Wolfish, Mahakama Kuu ilisema mtu anayesubiri kesi hawezi kuadhibiwa, kwa sababu hajahukumiwa. Lakini mahakama hiyo hiyo ikaruhusu upekuzi wa mwili na kulaza watu wawili kwenye chumba cha mmoja, kwa hoja kwamba hiyo si adhabu bali ni usalama na uendeshaji. Mimi nimewatafsiria watu waliotoka kwenye vyumba vya namna hiyo. Ukimwambia mtu kwamba kisheria haadhibiwi, anakutazama tu.

Kukiri kosa. Hapa ndipo watu wetu wanapoangukia. Mtu amekaa jela ya kaunti wiki tatu. Kazi imepotea, kodi ya nyumba inadaiwa, watoto wako kwa jirani. Mwendesha mashtaka anakuja na ofa: kiri kosa leo, siku ulizokwisha kukaa zihesabike kuwa ndiyo kifungo chako, jioni uko nyumbani. Nani atakataa?

Kalief Browder alikataa. Alikamatwa New York mwaka 2010 akiwa na miaka 16, akidaiwa kuiba begi la mgongoni. Dhamana ilikuwa dola 3,000, familia haikuwa nazo. Alikaa jela ya kisiwa cha Rikers karibu miaka mitatu, sehemu kubwa akiwa peke yake kwenye selo, akikataa kila ofa ya kukiri kwa sababu alisema hakuiba. Mashtaka yakafutwa mwaka 2013, kesi haijawahi kusikilizwa. Mwaka 2015 alijitoa uhai nyumbani kwao. Kwa hiyo simlaumu anayekiri ili atoke. Nasema tu kwamba asiye raia anaponunua jioni hiyo moja, huenda analipa kwa maisha yake yote ya Marekani.

Sababu ni sheria ya uhamiaji ya mwaka 1996. Ilishusha kipimo: kosa la wizi au la kutumia nguvu ambalo adhabu yake ni mwaka mmoja au zaidi linahesabika kundi zito kabisa, ambalo humtoa nchini hata mwenye ukaazi wa kudumu, na karibu milango yote ya kujitetea inafungwa. Angalieni hapa kwa makini: kinachohesabiwa ni adhabu iliyotamkwa, hata kama yote imesimamishwa na mtu hakulala jela hata usiku mmoja. Siku 365 zilizosimamishwa ni mwaka mmoja. Siku 364 si mwaka. Washington ilibadilisha sheria zake mwaka 2011, California ikafuata 2015, New York 2019, ili ukomo wa makosa madogo uwe siku 364. Siku moja hiyo imeokoa familia. Kwenye jimbo ambalo halijabadilisha, wakili anayejua anaweza kuiomba siku hiyo moja kwenye makubaliano. Asiyejua hataiomba.

Na wakili ana wajibu wa kujua. Mwaka 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, mzee mmoja aliyeishi Marekani kihalali zaidi ya miaka 40 na kupigana vita vya Vietnam alikuwa amekiri kosa la bangi baada ya wakili wake kumwambia asihofu, amekaa muda mrefu. Mahakama Kuu ikasema wakili wa mshtakiwa lazima amweleze mteja asiye raia kwamba kukiri kunaweza kumfukuzisha nchini. Hata wakili wa kulipiwa na serikali. Muulizeni kwa maneno haya haya: "Kukiri huku kutanifanya nini kwenye uhamiaji?" Na msitie saini kabla hajajibu.

Naishia hapo kwa sasa. Ulizeni.

#2 Dada wa Houston

Asante sana kaka, huu uzi ungekuja miaka mitatu iliyopita ungetusaidia. Swali: mdogo wangu alipewa kifungo cha miezi kumi, ila akapelekwa sehemu inayoitwa jela lakini ni ya jimbo. Sasa hiyo ni ipi? Halafu kesi ya pili jaji alimwambia akitulia muda fulani hukumu haitaandikwa. Tukasherehekea.

#3 Mkalimani wa Ohio

Dada, Texas wana kitu chao. Mwaka 1993 waliunda daraja la jela za jimbo, kwa makosa makubwa ya ngazi ya chini kabisa. Kifungo chake ni siku 180 hadi miaka miwili, na jimbo ndilo linaloendesha, siyo sherifu. Kwa hiyo usitafute jina lake kwenye orodha ya kaunti ya Harris, tafuta kwenye ya idara ya jimbo. Na kosa la daraja hilo ni kosa kubwa kwenye rekodi, hata kama kifungo ni kifupi.

Hilo la pili naomba mlichukulie kwa uzito. Kwa sheria ya Texas, hukumu iliyoahirishwa inaweza isihesabike kuwa hatia. Kwa uhamiaji ni habari nyingine. Mtu akikiri kosa na jaji akamwekea masharti yoyote ya kumdhibiti, uhamiaji wanahesabu kuwa ametiwa hatiani. Nimeona watu wanaomba uraia wakiwa na amani kabisa, kumbe kwenye faili kuna hiyo. Kabla mdogo wako hajajaza fomu yoyote au kusafiri kwenda nyumbani na kurudi, aonane na wakili wa uhamiaji akiwa na nakala za kesi zote mbili mkononi.

#4 Mzee wa Mwanza

Mwanangu, umeeleza vizuri ila kuna kitu sikubali. Unaandika kama vile gereza lao ni afadhali. Nimestaafu Magereza, najua kifungo kirefu kinavyomla mtu. Jela ya mwezi mmoja utailinganishaje na miaka ishirini?

#5 Mkalimani wa Ohio

Shikamoo mzee. Umesema kweli, na sitaki mtu asome uzi huu akaona gereza ni mahali pa kupumzikia. Miaka ishirini ni miaka ishirini. Kuna gereza la shirikisho kule Florence, Colorado, lilifunguliwa 1994, mtu anakaa selo peke yake karibu saa 23 kwa siku. Na kwenye shirikisho hakuna parole (kuachiwa mapema kwa masharti) kwa makosa yaliyotendwa tangu Novemba 1987. Kinachobaki zaidi ni kupunguziwa hadi siku 54 kwa mwaka kwa mwenendo mzuri. Mtu anaweza kuhukumiwa Ohio akapelekwa gereza la majimbo mawili matatu mbali, mke na watoto wasimwone mwaka mzima.

Ninachosema ni kwamba gereza limejengwa kwa mtu atakayekaa. Akifika anapokelewa kituo cha uchambuzi, anapimwa afya, anapangiwa daraja la ulinzi, anapewa kazi, kuna darasa, kuna maktaba, kuna uwanja. Tangu Julai 2023 wafungwa wanaweza tena kupata ruzuku ya serikali ya kusomea chuo, baada ya kunyimwa tangu 1994. Sehemu nyingi mgeni anakaa meza moja na mfungwa. Jela ya kaunti imejengwa kwa mtu atakayepita. Darasa ni la bahati, uwanja mara nyingi ni chumba chenye dirisha la juu, na kaunti nyingi zimebadilisha ziara ziwe za kioo au za skrini. Mlevi wa jana, mgonjwa wa akili, mtu wa faini za barabarani na mshtakiwa wa mauaji wanaingia kwa mlango mmoja usiku mmoja. Mzee, wewe umekaa na mahabusu na umekaa na wafungwa. Nadhani unajua nani hulala vibaya zaidi, anayeijua tarehe yake ya kutoka au asiyeijua.

#6 Mzee wa Mwanza

Marahaba. Asiyeijua. Hilo halina ubishi. Mahabusu ndio waliokuwa wakitusumbua roho.

#7 Mkaaji wa Louisville

Ndugu, mimi ni wa Fizi, Kivu Kusini, tuko wengi hapa Kentucky. Sisi kwetu mtu akishikwa anatupwa kasho, kisha familia inaleta chakula kila siku, bila hivyo anakufa njaa. Mama mmoja hapa alipika akaenda mpaka jela ya kaunti, wakamrudisha na sahani yake, akalia sana, akazani mtoto amekufa. Na mkalimani waliomleta mahakamani alikuwa anasema Kiswahili cha Tanzania cha juu, yule kijana akawa anaitika tu "ndiyo, ndiyo".

#8 Mkalimani wa Ohio

Pole sana kwa huyo mama. Waambieni wote kanisani: chakula cha nje hakiingii. Kinachoingia ni pesa kwenye akaunti ya mshikiliwa, ambayo ananunulia sabuni, vitafunio na karatasi kwenye duka la ndani. Nguo, dawa na vitabu kila kaunti ina utaratibu wake, pigeni simu kabla ya kwenda. Dawa ni muhimu. Kama mtu anatumia dawa za kisukari, presha, kifafa au virusi vya UKIMWI, mjulisheni muuguzi wa jela siku ile ile, mtaje jina la dawa na duka linalompa.

Kuhusu mkalimani, umegusa jambo linaloniuma. Kuitikia "ndiyo" mbele ya jaji kunaandikwa. Jaji akiuliza "umeelewa haki unazoziacha?" na kijana akaitikia kwa heshima tu, kama tulivyolelewa kumwitikia mkubwa, basi ameziacha. Kijana aseme wazi: "Simwelewi huyu mkalimani, naomba wa Kiswahili cha Kongo," au Kibembe, au Kinyamulenge, lugha yoyote anayoifikiria. Ni haki yake, na kesi itasogezwa. Mimi mwenyewe nikikutana na mtu wa Uvira au Lubumbashi naomba dakika chache tuzungumze kwanza, tukipishana namwambia jaji mbele ya wote.

#9 Wa Kisauni

Hapa kwetu Kenya Katiba inasema saa 24 ufikishwe kortini. Huko je? Na simu, wanaruhusiwa kupiga?

#10 Mkalimani wa Ohio

Mtu aliyekamatwa bila hati ya kukamata anatakiwa jaji athibitishe ndani ya saa 48 kwamba kuna sababu ya kumshikilia. Ni uamuzi wa mwaka 1991 uliotoka kaunti ya Riverside, California. Wikiendi haisimamishi saa hizo.

Simu wanaruhusiwa, na zinarekodiwa. Tafadhali wasomeni ndugu zenu sentensi hii: simu zinarekodiwa na mwendesha mashtaka anaweza kuzisikiliza. Watu wanadhani wakizungumza Kiswahili wako salama. Rekodi zinapelekwa kwa wakalimani kama sisi, tunaziandika neno kwa neno. Mwulize amekula, amelala, anaumwa wapi. Habari za tukio aongee na wakili wake peke yake. New York City simu za jela ni bure tangu 2019, na Connecticut simu za magereza ni bure tangu 2022. Kwingine kwingi mnalipia.

#11 Mama wa Tanga

Mwanangu, shukrani. Kijana wangu yuko Minnesota, simu yake imezimwa tangu Jumapili, rafiki yake anasema polisi walimchukua. Tunampataje? Na je, tukituma hela ya dhamana leo atatoka?

#12 Mkalimani wa Ohio

Shikamoo mama. Pole, na usikate tamaa, mara nyingi simu huzimwa kwa sababu imechukuliwa mlangoni.

Muulize huyo rafiki alichukuliwa mji gani, ili tujue kaunti. Kila ofisi kubwa ya sherifu ina orodha ya walioko ndani kwenye tovuti yake, unaandika jina la ukoo na la kwanza. Jaribu na majina yakiwa yamegeuzwa, maana majina yetu wanayachanganya sana. Ukimpata, andika namba yake ya mshikiliwa, shtaka, kiasi cha dhamana na tarehe ya mahakama. Asipoonekana kwenye kaunti, jaribu orodha ya ICE, idara ya uhamiaji. Hiyo inataka nchi aliyozaliwa pamoja na jina kamili au namba yake ya uhamiaji. Pia ana haki ya kuomba ubalozi wa Tanzania ulioko Washington ujulishwe, kwa Mkataba wa Vienna wa 1963. Na kwa Mtanzania, waliomkamata wanatakiwa kuujulisha hata asipoomba.

Hela usitume bado. Kwanza aulizwe kama uhamiaji wameweka ombi la kumshikilia. Ombi hilo linaitaka jela imbakize hadi saa 48 baada ya kuwa huru kwa kesi yake, ili wao waje wamchukue. Likiwepo, unaweza kulipa dhamana asubuhi, na jioni akawa kwenye kizuizi cha uhamiaji jimbo lingine, na kesi yake ya awali ikabaki bila yeye. Na kwa sheria iliyosainiwa Januari 2025, asiye na hadhi halali akikamatwa tu kwa tuhuma za wizi, hata wa dukani, uhamiaji wanatakiwa kumshikilia bila dhamana. Kwa hiyo wakili kwanza, dhamana baadaye. Wakili wa kulipiwa na serikali yupo kwa asiye na uwezo wa kulipa wakili. Ofisi hizo zinahudumia kila kaunti huko Minnesota, mpigie useme wewe ni mama yake na kwamba kijana si raia.

Niandikie pembeni jina la mji, mama. Niko macho mpaka usiku wa manane saa za huku.